Tshibumba Kanda Matulu: mchoraji au msimulizi?

0. Utangulizi

Jina la Tshibumba Kanda Matulu halikosekani leo katika vitabu vinavyohusu uchoraji wa mijini nchini Kongo. Wanahistoria humtaja, wanaanthropolojia humtaja, na majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yamezionyesha picha zake. Wataalamu wa Kiswahili ndio wanaomtaja kwa nadra. Jambo hili lastaajabisha, kwa maana mchoraji huyo hakuzitoa picha zake kimya kimya. Kila picha aliisimulia, na masimulizi hayo aliyatoa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, lugha ya mtaani kwake, ya sokoni na ya karakana.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba anayezitazama picha za Tshibumba bila kuyasikia maneno yake amepata nusu tu ya kazi. Aidha, inakusudia kuonyesha kwamba nusu iliyobaki ni mali ya fasihi ya Kiswahili, hata kama hadi sasa haijapewa nafasi katika rafu ya fasihi hiyo. Kwanza maisha yake yatatazamwa kwa ufupi, kisha kazi yenyewe, kisha lugha ya kazi hiyo, na mwishoni urithi aliouacha na deni ambalo wasomi wa Kiswahili bado hawajalilipa.

1. Mtu na mji wake

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Asili ya ukoo wake ni Kasai. Habari hiyo si ndogo kwa anayeijua historia ya Katanga. Reli na migodi ya Union Minière viliwaleta watu wengi wa Kasai kusini, nao wakawa makarani, mafundi na wafanyakazi wa mashimo. Baada ya Katanga kujitenga mnamo Julai 1960, wengi wao waliteswa na kufukuzwa, na mwaka 1961 maelfu walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji. Katika miaka ya 1992 na 1993 walifukuzwa tena. Kwa hiyo mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa Elisabethville, akasema Kiswahili cha mji huo na kujiita mtu wa taifa zima, alikuwa akisema neno zito kila alipolitaja neno “umoja”.

Uchoraji katika mji huo ulikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilifunguliwa na Wazungu. Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana yake mwaka 1946, na humo wakakomaa wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Baadaye Laurent Moonens akaanzisha chuo cha sanaa. Wachoraji wa karakana ile walichora samaki, ndege, nyoka na majani kwa ustadi mkubwa, na wanunuzi wao walikuwa hasa wageni. Njia ya pili haikuwa na shule. Ilikuwa ya vijana waliochora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakauza picha zao nyumba kwa nyumba, na wanunuzi wao wakuu walikuwa wafanyakazi wa mji waliotaka kitu cha kutundika ukutani sebuleni. Tshibumba ni mwana wa njia hii ya pili.

Tofauti ya wanunuzi ilileta tofauti ya mambo yaliyochorwa. Mgeni alinunua uzuri wa kupeleka kwao. Mwenyeji alinunua kitu cha kuzungumziwa na wageni wake waketipo sebuleni. Picha ya “Colonie belge” yenye mfungwa anayechapwa fimbo mbele ya afisa wa Kibelgiji, picha ya mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, picha ya Lumumba: hizo zote zilinunuliwa kwa kuwa kila moja ilikuwa na kisa nyuma yake, na kila mwenye nyumba aliweza kukisimulia kisa hicho kwa namna yake.

2. Kazi ya miaka 1973 na 1974

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Uhusiano wao ulianza kama wa muuzaji na mnunuzi, ukageuka upesi. Tshibumba alieleza kwamba alikuwa na nia ya kuichora historia nzima ya nchi, si picha moja moja za kuuza. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Hadi kufikia mwisho wa 1974 alikuwa amekamilisha mfululizo wa picha takriban mia moja, kuanzia enzi za mababu, kupitia kuja kwa Wareno na Wabelgiji, Mfalme M'siri wa Bunkeya, mgomo wa wafanyakazi wa Desemba 1941 uliokomeshwa kwa risasi katika uwanja wa Elisabethville, uhuru, kujitenga kwa Katanga na kifo cha Lumumba, hadi utawala wa Mobutu. Wala mfululizo haukukomea hapo: uligusa hata siku za usoni.

Namna ya kufanya kazi yastahili kuangaliwa kwa makini. Tshibumba alileta picha kwa mafungu. Mbele ya kinasa sauti alizipanga kwa utaratibu wake na kuzisimulia moja baada ya nyingine, kisha mwenzake akauliza maswali, naye akajibu, akafafanua, akapinga. Hivyo kazi yenyewe ina tabaka tatu: picha, maandishi mafupi yaliyomo ndani ya picha, na masimulizi. Wahakiki wengi wameshughulikia tabaka la kwanza, wachache wamelitupia jicho la pili, na la tatu limetumiwa zaidi kama ufafanuzi wa la kwanza. Inafaa mpangilio huo upinduliwe, walau kwa muda wa makala moja.

3. Lugha ya ukumbusho

3.1. Neno moja ni ufunguo wa kazi yote, nalo ni “ukumbusho”. Ndilo neno ambalo wachoraji na wanunuzi wa Lubumbashi walilitumia kueleza kazi ya picha. Mwanaisimu hawezi kulipita bila kulichambua. Kutokana na kitenzi “kumbuka” Kiswahili kina nomino “kumbukumbu”, yaani kile kilichohifadhiwa. Lakini “ukumbusho” haukutoka moja kwa moja katika “kumbuka”. Umetoka katika kauli ya kusababisha, “kumbusha”. Anayekumbuka aweza kuwa peke yake. Anayekumbusha sharti awe na mtu wa kumkumbusha. Hivyo picha iitwayo ukumbusho si ghala la mambo yaliyopita. Ni kitendo kinachomtafuta mtu wa pili, kimwamshe, kimtake aseme. Iliyotundikwa mahali pasipo mtu wa kuijibu ingali picha, lakini imepungukiwa na kazi yake.

Uchambuzi huu mdogo wa kisarufi unaeleza kwa nini Tshibumba hakuridhika kuchora na kuondoka. Masimulizi hayakuwa maelezo ya ziada aliyoombwa na mtafiti. Yalikuwa ndiyo utimilifu wa ukumbusho.

3.2. Wachoraji wa mji ule waliyagawa mambo ya kuchorwa katika nyakati: vitu vya bankambo, vitu vya zamani na vitu vya sasa. Mgawanyo huo si wa kitabu cha shule. “Bankambo” ni mababu wa kabla ya ukoloni. “Zamani” ni wakati wa Wabelgiji. “Sasa” ni wakati baada ya uhuru. Lugha ya pwani ingesema “mababu” au “wahenga”, na kwa maana ya kamusi ingekuwa sawa. Lakini “bankambo” lina kiambishi ba- pale ambapo lugha sanifu ina wa-, na ndani yake mna uhusiano na lugha za bara walizozungumza wazazi wa watu wa mji huo vijijini. Neno lenyewe linabeba safari ya kutoka kijijini kuja migodini. Halikadhalika “Bulaya”: bu- imedumu pale ambapo pwani husema “Ulaya”. Katika kisa cha Simba Bulaya, kilichoenea katika miji ya Katanga wakati wa ukoloni, watu hunyakuliwa usiku na kupotea kwa ajili ya Wazungu. Tshibumba alikiingiza kisa hicho katika historia yake, akakiweka pamoja na mambo yanayopatikana katika hati za serikali. Mtu atakayesahihisha “Bulaya” iwe “Ulaya” atakuwa amekipeleka kisa mahali pengine. Ulaya ni bara katika ramani. Bulaya ni mahali wanakotoka wenye mamlaka na wanakopotelea watu.

3.3. Maandishi yaliyo ndani ya picha ni jambo la tatu. Hayo kwa kawaida ni ya Kifaransa, na mara nyingi tahajia yake imekosewa. Wako waliosoma makosa hayo kama dalili ya elimu pungufu, na wako waliyoyafurahia kama pambo la kitoto. Makundi yote mawili yamekosea kwa namna moja, kwa sababu yamedhani kwamba hapo ndipo mchoraji anaposema. Katika mji wa Lubumbashi wa miaka ile, Kifaransa kilikuwa lugha ya hati, ya muhuri, ya jina la barabara na ya amri. Tshibumba alikiweka katika picha kama vile karani awekavyo tarehe na sahihi: kuthibitisha kwamba jambo lilitokea, siku fulani, mahali fulani. Kuhoji, kufananisha, kutilia shaka na kutoa hukumu alikufanya kwa Kiswahili. Kifaransa kilitoa ushahidi, Kiswahili kikaendesha kesi.

4. Mfano: kifo cha Lumumba

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi tabaka tatu zinavyofanya kazi pamoja. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walisafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville, na usiku uleule wakauawa si mbali na mji. Tshibumba alikuwa kijana wa miaka 13 au 14. Katika picha yake miili mitatu imelala chini, na kwa mbali panaonekana misalaba mitatu. Ubavu wa Lumumba umejeruhiwa, na damu inayotiririka ardhini inaandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja.

Kwa macho tu, picha hii husomeka kirahisi: Lumumba amefananishwa na Yesu, na waliosulubiwa pamoja naye ni Mpolo na Okito. Katika masimulizi Tshibumba alilisema jambo hilo waziwazi, kwamba kwake yeye Lumumba alikuwa Bwana Yesu wa Zaire. Lakini masimulizi yanaongeza kitu ambacho jicho halikioni. Aliyesema hivyo hakuwa akihubiri. Alikuwa akitoa hoja mbele ya msikilizaji aliyejua Biblia na aliyejua mji, na hoja yake ilihusu umoja wa nchi. Nyota sita alizozichora juu ya tukio hilo ni majimbo sita ya nchi wakati wa uhuru. Kwa hiyo fumbo la msalaba limewekwa lisaidie hoja ya siasa: huyu alikufa ili majimbo yasiachane. Hoja hiyo ilitolewa Lubumbashi, makao makuu ya Katanga iliyokuwa imejitenga, na aliyeitoa ni mtu wa Kasai. Hapo ndipo uzito wake ulipo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Lumumba hakuwa na kaburi. Miili ya watu wale watatu iliangamizwa, na jino moja tu ndilo lililorudishwa na Ubelgiji kwa familia yake mnamo Juni 2022. Kwa miaka zaidi ya 60 picha zilizotundikwa sebuleni zilifanya kazi ambayo kaburi lingeifanya. Ukumbusho kwa maana ya pwani, yaani mnara au alama ya marehemu, ukakutana na ukumbusho kwa maana ya Lubumbashi.

5. Mipaka ya kazi

Sifa hizi hazimwondolei mhakiki wajibu wa kuonyesha mipaka. Kwanza, Tshibumba si mwanahistoria wa nyaraka. Tarehe huchanganyika, na watu wa nyakati mbalimbali huweza kukutana katika tukio moja. Anayetafuta orodha ya matukio aende kwingine. Hata hivyo makosa yake mengi yana utaratibu: hukusanya mambo mengi katika tukio moja lenye nguvu, kama wafanyavyo watambaji wa ngano, ili msikilizaji aone chanzo na matokeo kwa pamoja.

Pili, kazi hii isingepatikana kwa umbo lake la sasa bila mnunuzi wa kigeni aliyekuwa tayari kuchukua picha mia na kuketi kusikiliza. Mwenyeji wa Lubumbashi alinunua picha moja au mbili za kuta zake. Hakuwa na nafasi wala fedha za historia nzima. Ni haki kusema kwamba nia ya mfululizo ilikuwa ya Tshibumba. Ni haki pia kusema kwamba mfululizo ulipopata mnunuzi huyo, ulitoka katika sebule ambazo ndizo zilizoizaa aina hii ya uchoraji.

Tatu, maneno yalisemwa chini ya utawala wa chama kimoja. Kuhusu Mobutu msimulizi hupima hatua zake. Husifu, hunyamaza, hurudi nyuma. Msomaji wa leo asiharakishe kumwita mwoga au msifu watawala. Katika mazungumzo ya namna hiyo kimya nacho ni neno, na kukichambua kunahitaji mtu anayejua jinsi watu wa mji huo wanavyokwepa jambo kwa Kiswahili chao. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa kutumia tafsiri.

6. Urithi na deni

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna habari za hakika kuhusu Tshibumba. Alipotea kama walivyopotea wengi, hakuacha kaburi linalojulikana. Kilichobaki ni kazi. Picha za mfululizo ziko Amsterdam, katika jumba lililojulikana kwa jina la Tropenmuseum na ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum. Mwaka 1996 Fabian alichapisha kitabu kikubwa kiitwacho Remembering the Present, chenye picha pamoja na masimulizi. Kitabu hicho kimemfanya Tshibumba ajulikane duniani, na bila subira ya mwandishi wake sauti hiyo ingalipotea. Shukrani hiyo haina budi kutolewa kwanza.

Baada ya shukrani, swali. Katika kitabu hicho masimulizi yamechapishwa kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili hujitokeza hapa na pale katika sehemu ya uchambuzi, kama vielelezo. Maandishi ya Kiswahili yalichapishwa baadaye kwenye intaneti, kutoka Amsterdam, katika mkusanyo uitwao Archives of Popular Swahili. Hilo ni jambo jema, lakini mkusanyo wa kwenye intaneti haujawa kitabu cha kusomwa darasani. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kumsoma mtu wa mji wake akiwa na kitabu mkononi hulazimika kumsoma kwa lugha ambayo Tshibumba hakuitumia.

Isidhaniwe kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu juu ya kundi la maigizo la Mufwankolo, na Kiswahili cha jukwaani kikaonekana kuwa kinastahili kuandikwa. Mwaka 1990 Fabian mwenyewe alichapisha Vocabulaire de ville de Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, na humo Kiswahili kimewekwa pamoja na tafsiri. Njia ilikwisha kufunguliwa. Imebaki kumpitisha Tshibumba humo.

Ugumu ulioko ni wa tahajia, nao si wa kiufundi tu. Mhariri atakayeyachapisha masimulizi hayo atalazimika kuamua: je, ayaandike kama yalivyosemwa, au ayasogeze karibu na Kiswahili sanifu ili yasomeke Dodoma na Nairobi? Mifano iliyotolewa juu yajibu swali hilo. Ukigeuza ba- kuwa wa-, Bulaya kuwa Ulaya, na ukitafuta neno la Kiswahili kwa kila tarehe na cheo cha Kifaransa, utapata masimulizi safi ya mtu ambaye hakuwahi kuishi Lubumbashi. Utakuwa pia umefuta ule mgawanyo wa kazi kati ya ushahidi na hoja ambao ndio msingi wa kazi yake. Yafaa basi maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, na msomaji wa mbali asaidiwe kwa faharasa na maelezo, jinsi wasomaji wa tenzi za kale za Lamu wanavyosaidiwa pasipo mtu kuthubutu kuzisahihisha ziwe za leo.

7. Hitimisho

Swali lililo katika kichwa cha makala hii lina jibu fupi: Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mchoraji kwa sababu alikuwa msimulizi. Brashi ilimpatia wasikilizaji, na wasikilizaji wakampatia nafasi ya kusema historia ya nchi kwa lugha ambayo serikali na shule hazikuitarajia kubeba mzigo huo. Kiswahili cha Lubumbashi kimedharauliwa mara nyingi kama lugha ya kununulia mboga na kuamrishia vibarua. Masimulizi ya picha takriban mia ni ushahidi kinyume cha dharau hiyo, na ushahidi huo umekaa katika kanda na maandishi tangu 1974.

Picha zenyewe zimesafiri mbali, na huenda zisirudi. Maneno hayahitaji meli wala idhini ya jumba la makumbusho. Yanahitaji mhariri, mpiga chapa na darasa la kuyasoma. Siku yatakapochapishwa katika mji ambamo yalisemwa, ukumbusho utakuwa umempata tena mtu wa kumkumbusha.